Mteja akitaja bei, shingo inakataa kabla yangu

SWALI

Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 41, nauza dagaa hapa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Nimezunguka sana na tatizo langu na kila ninayemwuliza ana jibu lake, ndiyo maana nakuandikia.

Nadhani kichwa ndicho kilichotangulia. Kinaanzia kisogoni, kinapanda mpaka juu ya jicho la kushoto. Siyo kile cha malaria ambacho mwili wote unauma. Hiki kinabana na kuvuta, na jioni ndiyo kinakolea. Nilipimwa malaria, hakuna. Nikaambiwa taifodi, nikameza dawa. Nikaambiwa UTI, nikameza tena. Kichwa kiko palepale.

Halafu shingo nayo ikaanza kucheza. Inajivuta yenyewe kushoto, inarudi, inajivuta tena, na mimi sijaituma. Sokoni imekuwa kichekesho. Mnunuzi wa kutoka Kongo anataja bei ya gunia, mimi bado napiga hesabu, shingo imeshatikisika, yeye anajua nimekataa. Kusema kweli kuna wanaoongeza hela! Ila wengine wanaondoka wamenuna, wanasema huyu mama ana dharau. Wenzangu wameshanipa jina, wananiita Mama Hapana.

Kuna kitu kinanishangaza. Nikigusa kidevu kwa vidole viwili, hata bila kukandamiza, shingo inatulia. Nikitoa mkono inaanza upya. Usiku nikilala haipo, mume wangu ameliona hilo. Asubuhi nikiamka ninakuwa mzima kabisa kwa muda, mpaka nifike sokoni. Nikijua kuna mtu ananitazama ndiyo inazidi.

Mchungaji wetu aliponiombea alinishika uso kwa mkono, shingo ikatulia hapohapo, kanisa zima likapiga vigelegele. Alipoondoa mkono ikarudi. Akasema hilo ni pepo sugu, linataka mfungo. Mama mkwe wangu yuko Magu, yeye anasema ni mizimu ya kwetu, niende nikatambike. Mume wangu hasemi kitu, ila naona namna anavyoniangalia.

Dawa nimekunywa mpaka nimechoka. Diklofenaki na Panadol karibu kila siku, na siku za mzigo mkubwa naongeza vile vidonge vya kichwa ambavyo wabeba magunia wanavipenda. Kwa kuwa tumbo linavurugika, kijana wa duka la dawa ameniongezea kidonge cha kuzuia kichefuchefu. Mchua misuli naye alinivuta shingo mpaka ikalia, baada ya hapo nikawa sigeuki.

Naomba uniambie ukweli. Huu ni uvimbe kwenye ubongo? Au ni pepo kweli? Na mwanangu wa mwisho, wa darasa la pili, ameanza naye kutikisa shingo na kupandisha mabega. Nimemwambukiza?

Mama Doto, Kirumba

JIBU

Mama Doto, kazi ni njema, pole wewe na maumivu, na pole zaidi kwa hilo jina la sokoni.

Nianze na jambo ambalo wote waliokuhudumia wamelipita. Kila ulipokwenda umesema "kichwa kinauma", na kwetu huku mtu akisema kichwa kinauma anatobolewa kidole apimwe malaria, ikikosekana inatafutwa taifodi. Kuanzia leo ukimwona daktari, anza na shingo. Sema: "Shingo yangu inajivuta yenyewe kushoto, na kichwa kinauma." Sentensi hiyo itakupeleka njia nyingine kabisa.

Kwa barua siwezi kumtaja mtu ugonjwa, lazima uguswe na upimwe. Lakini uliyoyaeleza yanafanana mno na hali inayoitwa distonia ya shingo. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu zinazoratibu mwendo wa misuli: huu ukaze, ule ulegee. Uratibu huo ukivurugika, misuli ya shingo inapokea amri ya kukaza ambayo wewe hukuitoa. Shingo inavutwa upande mmoja, misuli ya upande wa pili inajaribu kuirudisha, na katika kuvutana huko kichwa kinatikisika kama cha mtu anayekataa. Inawapata wanawake kuliko wanaume, na mara nyingi huanza kati ya miaka 40 na 60. Upo mtetemo mwingine wa kichwa unaofanana na huu, wala si distonia. Kuutofautisha ni kazi ya atakayekushika shingo.

Kilichonifanya niegemee huku ni vidole vyako viwili. Umeandika kama jambo la ajabu tu, kumbe ndicho kipimo kizuri kuliko vyote ulivyolipia. Watu wengi wenye distonia ya shingo wanagundua wenyewe kwamba mguso mwepesi wa kidevu, shavu au kisogo unaituliza. Si nguvu ya mkono inayoizuia. Ni ubongo kupokea habari ya mguso na kwa muda kujipanga upya. Wengine inatosha kuinua mkono tu, kabla haujafika usoni, shingo ikatulia. Kutulia usingizini, nafuu ya asubuhi, kuzidi ukichoka au ukitazamwa, yote hayo yanakwenda pamoja na hali hii.

Sasa kuhusu mchungaji. Mkono wake ulifanya kile ambacho vidole vyako vinafanya kila siku pale mwaloni. Hakukudanganya. Aliona kitu halisi akakitafsiri kwa anachokijua. Wala si yeye wa kwanza: mwishoni mwa karne ya 19 madaktari wa Ufaransa waliona mguso huohuo ukituliza shingo za wagonjwa wao, wakasema basi, ugonjwa uko akilini, maana kidole kimoja kingewezaje kuushinda msuli uliokaza? Walikosea. Endelea kuombewa kama imani yako inavyokutuma, mimi sina ugomvi na maombi. Ugomvi wangu ni na mfungo. Wewe unameza diklofenaki. Dawa hiyo juu ya tumbo tupu ni kutafuta vidonda vya tumbo. Kwa mama mkwe, mjibu kwa adabu zote kwamba daktari amesema uanze hospitali. Ya matambiko ni ya familia, ila yasikucheleweshe.

Kichwa je? Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano. Misuli inayokibeba ikikaza kutwa nzima bila kupumzika, inauma, na maumivu ya misuli ya kisogoni hupanda mpaka juu ya jicho, hasa upande unaovutwa. Ndiyo maana jioni kinakolea. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili, na hapa nitakukera, ni dawa zenyewe.

Mtu anayemeza dawa za kawaida za maumivu kama paracetamol, yaani hiyo Panadol, au diklofenaki kwa siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kuanza kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa hizohizo. Kwa vidonge vya mchanganyiko, vile vyenye aina mbili tatu za dawa pamoja na kafeini, siku 10 kwa mwezi zinatosha. Vile vya wabeba magunia, geuza pakiti usome. Mara nyingi utakuta vina kafeini, na paracetamol ambayo umeshaimeza asubuhi. Dawa inapoisha mwilini kichwa kinadai nyingine. Unakipa. Kesho kinadai mapema zaidi. Diklofenaki ya kila siku nayo inapandisha presha na kuumiza figo, mbali na tumbo. Kapime presha wiki hii, usisubiri kliniki.

Kuziacha si rahisi, nakwambia mapema usije ukadhani nimekuponza. Siku za mwanzo kichwa kitauma kuliko kawaida, kichefuchefu kitakuja, usingizi utasumbua. Kwa wengi ukali huo unapungua ndani ya siku kumi hivi, kwa wengine unafika wiki mbili, na nafuu ya kweli inajengeka polepole wiki zinazofuata. Chagua kipindi ambacho mzigo ni mdogo. Wewe unazijua siku za mbalamwezi ambapo dagaa hawavuliwi sana, tumia hizo. Mwambie mumeo na wenzako sokoni ili wasikupe "kimoja tu". Kama daktari utamwona upesi, mweleze ndiyo nia yako, anaweza kukupa dawa nyingine ya kukuvusha kipindi hicho.

Kidonge cha kichefuchefu kinanipa wasiwasi wa peke yake. Tafuta pakiti yake. Kama imeandikwa metoclopramide, au Plasil ambalo ndilo jina wengi wanalolijua, acha kumeza na umpelekee daktari hiyo pakiti. Ni dawa nzuri kwa kazi yake, lakini inaweza yenyewe kukaza misuli ya shingo, taya na macho, wakati mwingine ndani ya saa au siku chache tu za kuanza. Tangu mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya inaelekeza isizidi siku tano kwa kawaida. Jiulize pia: shingo ilianza kabla ya kidonge hicho au baada? Jibu lake linabadilisha mengi. Kwa wasomaji wengine wanaotumia dawa za magonjwa ya akili, nyingine nazo zina tabia hiyo. Ninyi msiache wenyewe, rudini kwa aliyewaandikia.

Uvimbe kwenye ubongo ndio hofu ya kila anayeumwa kichwa muda mrefu, na kwa walio wengi haupo. Hadithi yako haielekei huko. Lakini kuna mambo ambayo yakitokea huandiki barua, unakwenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku: kichwa kulipuka ghafla kwa maumivu ambayo hujawahi kuyaona maishani, homa pamoja na shingo kukakamaa usiweze kuinamisha kidevu kifuani, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, mdomo kwenda upande, maneno kutotoka, kuona viwili viwili, kutapika asubuhi asubuhi na kichwa kinachozidi ukikohoa, kuanguka degedege au kupotewa na fahamu. Mjamzito au aliyejifungua karibuni akiumwa kichwa kikali, naye ni wa siku hiyohiyo. Na mtu anayeishi na VVU akiumwa kichwa cha siku kadhaa asikae nyumbani na Panadol, kwa sababu kuna homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi ambayo huanza taratibu hivyohivyo, bila kelele.

Kwa upande wako, anza kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ueleze, uombe rufaa. Kutoka hapo ni Sekou Toure ambayo ni ya mkoa, na Bugando ambayo ndiyo rufaa ya Kanda ya Ziwa. Omba uonwe na daktari wa magonjwa ya ndani, na uulize kama yupo wa mishipa ya fahamu au siku yake ya kliniki ni ipi. Usitoke bila karatasi ya rufaa.

Kabla hujaenda, mpe mwanao mkubwa simu akurekodi ukiwa umekaa kwenye stuli, mabega wazi, mikono mapajani. Dakika moja ukiongea, dakika moja ukiwa kimya, halafu gusa kidevu, halafu toa mkono. Arekodi jioni wakati imekolea. Hii shingo ina tabia ya kumwona daktari saa tatu asubuhi ikatulia kama haijawahi kucheza, mkaonekana mmekuja kupoteza muda. Beba na pakiti zote za dawa, hata zilizokwisha.

Daktari ataishika misuli, atakuangalia ukitembea, huenda akapima damu, pamoja na kipimo cha tezi ya shingo. Wakikupiga picha ya ubongo ikatoka safi, usivunjike moyo wala usikubali mtu akwambie unajifanya. Katika distonia ya aina hii picha kwa kawaida huwa safi. Tatizo liko kwenye utendaji, na picha haionyeshi utendaji.

Tiba ipo, ingawa sitakuahidi kupona moja kwa moja. Inayofanya vizuri zaidi ni sindano ya botulini kwenye misuli ile inayovuta. Ni sumu ya bakteria, ndiyo, kwa kiasi kidogo mno kilichopimwa, inayolegeza hasa msuli uliochomwa. Huanza kufanya kazi baada ya siku kadhaa mpaka wiki mbili, hudumu kama miezi mitatu, kisha inarudiwa. Wengine kumeza chakula kunakuwa kugumu kidogo kwa muda, kwa hiyo inataka mkono wa aliyefundishwa. Ni ghali, na si kila hospitali inayo. Uliza mapema, ujue na bima yako inalipa nini. Vidonge vya Artane ni vya bei nafuu na vinasaidia baadhi ya watu, ila vinakausha mdomo, vinafifisha macho, na kwa mtu anayepiga hesabu za magunia kutwa, vinaweza kumsahaulisha. Fiziotherapia inasaidia ikifanywa pamoja na hayo.

Mchua misuli usirudi kwake. Hili nalisema na kwa wanaume wanaonyolewa halafu wanaacha kinyozi awazungushe shingo mpaka ilie. Kuna mishipa ya damu inayopita ndani ya mifupa ya shingo kwenda ubongoni, na kuizungusha shingo kwa nguvu kunaweza kuichana. Kiharusi cha saluni kipo. Kama unataka joto, kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto na kukamuliwa, kiwekwe mabegani jioni, kinatosha. Na beseni kichwani basi; mlipe kijana akubebee, hata kama faida itapungua.

Sokoni, kwa wakati huu, kaa ubavu wako wa kulia ukiwa ukutani au kwenye rundo la magunia ili wateja waje kwa upande ambao shingo inaelekea. Itavutana kidogo zaidi kuliko ukilazimika kugeukia upande wa pili kila mara. Bei usiitaje kwa ishara. Tamka, au andika kwenye kikokotoo umwonyeshe. Na vidole kidevuni tumia bila aibu. Mumeo umwombe aje nawe kliniki. Anayenyamaza mara nyingi ana maswali, na afadhali amwulize daktari kuliko awaulize jamaa zake.

Mwanao hujamwambukiza, hili haliambukizi. Watoto wa umri wake, hasa wa kiume, wengi hupitia kipindi cha kukonyeza macho, kutikisa shingo au kupandisha mabega, na kwa wengi hupungua wanavyokua. Inawezekana pia anakuiga tu. Usimkaripie wala usimwambie "acha", maana kumkaripia kunaizidisha mitikisiko hiyo. Ila na wewe mchunguze: kama anaanguka, anapotewa na fahamu, au anashindwa kuandika na kuongea kama zamani, mje naye siku moja kliniki. Vinginevyo zungumza na mwalimu wake wa darasa, ajue kwamba mtoto hatikisi shingo kwa utundu, asije akamchapa.